Mkono Uliopooza na Umeme wa Shingoni

Huko Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, shamba halimtaki mtu mwenye mkono mmoja. Majani ya chai huchumwa kwa mikono yote miwili. Hata kumenya ndizi za kupika, mkono mmoja hushika na mwingine huendesha kisu. Kwa hiyo kiharusi kikimwacha mkulima hai lakini kikampokonya mkono, hasara huonekana nyumbani kabla ya wiki kwisha. Wengi hurudi kutembea, japo kwa kuburuta mguu, huku vidole vikibaki vimejikunja.

Mkono wenyewe hauna ugonjwa. Damu ilipokosa kufika kwenye sehemu ya ubongo inayouamrisha, amri ndizo zilizokatika. Ubongo unaweza kufungua njia nyingine, lakini hufanya hivyo polepole, na kwa kurudia kitendo kilekile mara nyingi sana.

Hapo ndipo kifaa kiitwacho Vivistim kinapoingia. Kiliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2021. Daktari wa upasuaji hukiweka chini ya ngozi ya kifua, kisha hupitisha waya hadi kwenye neva ya vegasi, upande wa kushoto wa shingo. Neva hiyo si ngeni kwa madaktari: tangu 1997 Wamarekani wameruhusiwa kuitia umeme ili kupunguza kifafa. Kwa mgonjwa wa kiharusi, mtaalamu wa mazoezi hubonyeza kitufe wakati uleule mgonjwa anapojitahidi kushika kikombe au kugeuza ufunguo. Umeme hupita kwa nusu sekunde tu, na ubongo hutoa kemikali zinazousaidia kulishika somo la kitendo hicho. Kifaa hakiusogezi mkono hata kidogo. Anayeusogeza ni mgonjwa.

Utafiti uliokifikisha kwenye idhini hiyo ulichapishwa mwaka huohuo wa 2021 katika jarida la Lancet. Watu 108 wa Marekani na Uingereza, waliokuwa wameishi na athari za kiharusi kwa kati ya miezi tisa na miaka kumi, walipasuliwa wote na kuwekewa kifaa, ila 55 kati yao hawakupewa umeme wa tiba. Wote walifanya mazoezi hospitalini kwa wiki sita, vitendo zaidi ya 300 kwa kila kikao, kisha wakaendelea nyumbani. Miezi mitatu baadaye, asilimia 47 ya waliopata umeme walikuwa na nafuu ya kuonekana. Waliofanya mazoezi matupu walikuwa asilimia 24.

Watafiti wa Pittsburgh, Marekani, wamejaribu njia nyingine: elektrodi kwenye uti wa mgongo, usawa wa shingo. Matokeo ya watu wawili yalitolewa mwaka 2023. Mmoja wao, mwanamke, alikata nyama kwa kisu na uma kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Ni habari ya kufurahisha, ingawa watu wawili bado ni wachache mno.

Na Vivistim nayo ina mipaka. Imeidhinishwa kwa kiharusi cha mshipa kuziba, si cha mshipa kupasuka, na mkono lazima uwe na uhai kidogo. Upasuaji nao una hatari zake: mshiriki mmoja wa utafiti alipata udhaifu wa nyuzi za sauti.

Lakini tuirudie ile asilimia 24. Hao hawakupewa umeme, na baadhi yao walikuwa wamepooza kwa miaka. Kwa familia ya Marani hii ndiyo habari kubwa kuliko kifaa chenyewe, maana mazoezi hayasubiri mashine ya ng'ambo. Aliyeambiwa kwamba mkono wake umeshapitwa na wakati arudi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, iwe katika hospitali iliyo karibu au ile ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, aonyeshwe vitendo vinavyomfaa, avifanye kila siku. Na walio wazima wapimwe presha: wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mashine za kuipimia tangu Septemba 2023, nao hupita nyumba kwa nyumba.