Kinga ya Mwili kwa Samaki wa Kale

Kwa binadamu mzima, chembe nyingi za damu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Samaki hawana uboho wa kazi hiyo. Papa na taa hawana hata mifupa, maana kiunzi chao chote ni gegedu. Hata hivyo damu yao imejaa chembe nyeupe za kupambana na maradhi, na viungo vinavyozizalisha vimekaa mahali ambapo mtu hangefikiria kuvitafuta.

Lamprei na hagifishi, samaki wasio na taya, ukoo wao ulitengana na wetu miaka ipatayo milioni 500 iliyopita. Hawana wengu kama wetu. Lamprei mchanga huishi amejifukia katika matope ya mto, na chembe zake za damu hutengenezwa katika mkunjo unaopita ndani ya utumbo. Akikua, mkunjo huo hunyauka, na kazi yake huhamia kwenye tishu yenye mafuta iliyo juu ya uti wa mgongo. Mwaka 2011 ilibainika kuwa ncha za matamvua yake zina vijisehemu vinavyofanya kazi ya tezi ya thaimasi: humo hukomaa limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, zinazofanana na seli T za binadamu. La kustaajabisha zaidi ni silaha zenyewe. Limfosaiti za samaki hawa hazitumii kingamwili kama zetu, bali protini za umbo jingine kabisa, zilizoelezwa mwaka 2004. Nazo huundwa kwa kuunga vipande vya jeni kwa namna nyingi mno, hata kila kijidudu kikapata protini ya kukitambua.

Kwa papa, viungo tunavyovijua tayari vipo. Thaimasi, iliyo juu ya matamvua, ina tabaka la nje lililosheheni limfosaiti changa na sehemu ya ndani yenye seli chache. Wengu nao una sehemu nyekundu inayopitisha damu na sehemu nyeupe ambamo limfosaiti huzunguka mishipa midogo ya ateri. Kazi ya uboho imeshikwa na viungo viwili ambavyo sisi hatuna. Kiungo cha Leydig, kilichopewa jina la Mjerumani Franz Leydig, kimo katika ukuta wa umio. Cha pili kimeambatana na ovari au korodani. Vyote vimejaa limfosaiti na granulosaiti, chembe zinazowahi kufika penye jeraha. Baadhi ya papa hawana kiungo cha Leydig, na kwao hicho cha pili ndicho kikubwa.

Stajoni, samaki wa kaviari, ana tishu kama ya viungo hivyo vya papa juu ya ubongo na kuuzunguka moyo.

Wengu wa kamongo umezama katika ukuta wa njia ya chakula. Maji yakikauka, samaki huyu hujifukia matopeni na kujifunika ganda, lililodhaniwa kwa muda mrefu kuwa ute mkavu tu. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa ni tishu hai: granulosaiti hujipenyeza kupitia ngozi hadi ndani ya ganda, kisha hutoa nyuzi za DNA zinazonasa bakteria.