Anakufa, Anasimulia, Anaanza Upya

Shinya Arino si mchezaji hodari wa gemu. Ni mchekeshaji, mzaliwa wa Osaka, na tangu mwaka 2003 televisheni ya Japani imekuwa ikimwonesha kavaa koti la kazi kama msimamizi wa kiwanda, kaketi mbele ya mashine ya kale, akihangaika kumaliza gemu ya tangu enzi za utoto wake. Kipindi kinaitwa GameCenter CX. Anatumbukia shimoni, anaguna, anaanza upya. Usiku unaingia, kabandika karatasi ya kupoza joto kwenye paji la uso, bado yuko hatua ileile. Akikwama kabisa, kijana wa nyuma ya kamera huja kumsaidia. Na watu wanatazama, mwaka baada ya mwaka.

Wanamtazama kwa sababu ya mdomo wake. Angekuwa bingwa, kipindi kingekwisha kabla chai haijapoa. Gemu zenyewe ni ndogo mno: Super Mario Bros. ya mwaka 1985 nzima, pamoja na muziki wake, ni kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako inaizidi mara nyingi. Watengenezaji wa wakati ule hawakuwa na nafasi ya kuweka vitu vingi, basi walirefusha mchezo kwa kuufanya mgumu. Ghosts 'n Goblins ya Capcom ndiyo kero yenyewe: ukiifikisha mwisho unaambiwa ulichokiona kilikuwa mtego wa shetani, rudi mwanzo. Na katika Takeshi no Chōsenjō ya mwaka 1986, iliyobuniwa na mchekeshaji Takeshi Kitano, ipo ramani ambayo ukichagua kuianika juani, lazima uiache saa nzima bila kugusa pedi. Saa nzima! Pasipo mtu wa kupiga soga, hiyo si burudani, ni adhabu.

Kwetu thamani ya msimulizi ilipaswa kueleweka haraka kuliko kwingine. Marehemu Lufufu aliwasimulia Watanzania filamu za Kichina na Kihindi kwa Kiswahili cha vijiweni, na DJ Afro amefanya hivyo Kenya kwa miaka mingi. Mtu aliyelipa kuingia kibanda cha video alijua wazi kwamba sehemu ya pesa yake imekwenda kwa sauti.

Marekani walianza kusimulia gemu kwa picha mnato. Mchezaji alipiga picha za kioo, akaziandikia utani chini yake, wenzake wakasoma. Mwaka 2007 jamaa anayejiita Slowbeef akarekodi video akicheza The Immortal huku akiongea, na mpaka leo wengi humtaja kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa video. James Rolfe alikuwa tayari na njia yake: mwaka 2004 alirekodi video ya kuitukana gemu ya Castlevania II, na ilipopandishwa YouTube mwaka 2006 hasira yake ikawa ajira. Kwa maoni yangu shule ya Arino imezeeka vizuri zaidi. Rolfe mwenyewe anaijua kazi yake, lakini waliomwiga walichukua kelele wakaacha utafiti.

Kurekodi kwenyewe kuna mitego ambayo mtazamaji haioni. Mashine zile zilitengenezwa kwa ajili ya runinga za chogo, zikituma picha takriban 60 kwa sekunde. Shujaa akigongwa na adui huwa anapepesa: picha moja yupo, inayofuata hayupo. Sasa rekodi kwa picha 30 kwa sekunde. Kifaa kinachukua moja na kuacha moja, na shujaa ama hapepesi kabisa, ama anatoweka kana kwamba kaondoka kwenda dukani. YouTube haikuruhusu picha 60 kwa sekunde hadi mwaka 2014, kwa hiyo video nyingi za kabla ya hapo zinaonesha gemu ambazo hakuna aliyewahi kuzicheza hivyo. Nao waliochoka kugombana na nyaya wakaelekeza kamera kwenye chogo lenyewe, wakapata mistari myeusi inayopanda na kushuka.

Halafu kuna wenye mali. Mwaka 2013 Nintendo ilianza kudai fedha za matangazo kwenye video za gemu zake, na wasimulizi wengi wakakasirika. Mwishoni mwa mwaka 2018 ikalegeza kamba kwa kanuni mpya: video ziruhusiwe, ili mradi mwenye kuziweka aongeze ubunifu na maelezo yake. Nakala tupu ya mchezo haikubaliki. Yaani kampuni yenyewe imekiri kwamba mdomo ni kazi.

Mdomo huo unafanya pia kazi ya maktaba. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena kwa njia halali. Kwa nyingi kati ya hizo, kilicho karibu kwa mtu wa kawaida ni video ya mtu anayezicheza.

Na hapa wasimulizi wa Kiswahili wana kazi ambayo Arino hawezi kuwafanyia. Gemu zilizoingia majumbani mwetu nyingi zilitoka kwenye mashine za kuiga Famicom ya Nintendo, na kaseti za kudurufu zilizojisifu kwa maelfu ya michezo. Ukifungua orodha, michezo ya kweli ni michache; iliyobaki ni ileile iliyopewa majina mengine, au inayokuanzishia hatua ya tatu, au inayokupa maisha 30 ya Contra bila kubonyeza siri yoyote. Majina ya Kiingereza yamekosewa, rangi zimebadilishwa, mwandishi wake hajulikani. Hakuna kampuni itakayoziuza upya, kwani hakuna yenye haki ya kuziuza. Anayezikumbuka ni aliyezicheza, na kabla ya kucheza ilimbidi aitoe kaseti, aipulize, na kuirudisha. Msimulizi akianza, aanzie kwenye orodha ile, aisome yote kwa sauti, na atuambie ipi ilikuwa uongo.