Kutoka Doha hadi Oman kwa pikipiki: hesabu kabla ya safari

Mwendesha pikipiki anayetoka Doha kwenda Oman bila kupitia Umoja wa Falme za Kiarabu huvuka kwanza Abu Samra, mpaka pekee wa Qatar wa nchi kavu. Kisha, nchini Saudi Arabia, hufuata barabara ya jangwa la Rub al-Khali iliyofunguliwa Desemba 2021.

Usalama wake hutegemea hesabu. Pikipiki inayotumia lita 5 kwa kilomita 100, ikiwa na tangi la lita 20, huenda kilomita 400 tu, na upepo wa mbele huzipunguza. Hivyo hakipitwi kituo chochote cha mafuta.

Hatari kubwa zaidi ni upungufu wa maji. Joto la hewa likizidi nyuzi 35, upepo wenyewe huuongezea mwili joto, na hukausha jasho kabla halijahisiwa. Anayevua jaketi hupoteza maji upesi zaidi. Hunywa kwa saa, hangojei kiu.

Ndiyo maana safari hupangwa kati ya Novemba na Machi, na mwendo hukoma kabla ya giza, kwani ngamia huweza kukatiza barabarani. Aliyebaki Doha huachiwa ratiba, ajue ni saa ngapi ukimya ugeuke wito wa msaada.