Je, Wajua? Chekechea za Japani hufundisha mila kwa rangi, nyimbo na ngoma

Katika chekechea nyingi za Japani, kalenda ya sherehe ni sehemu ya masomo.

Siku ya Setsubun, kwa kawaida Februari 3, watoto huchora vinyago vya zimwi. Mwalimu mmoja huvaa kinyago na kuingia darasani akinguruma, nao humrushia punje za soya zilizokaangwa, wakipaza sauti kufukuza balaa na kukaribisha heri. Machi 3 ni Hinamatsuri: watoto hukunja karatasi za rangi kuwa wanasesere wa kifalme, kisha huimba mbele yao.

Mei 5 ni Siku ya Watoto, sikukuu ya taifa tangu 1948. Samaki wa karatasi na kitambaa hupepea milingotini, na magamba yao mara nyingi ni alama za viganja vya watoto vilivyochovywa rangi. Samaki huyo, koi, husifiwa kwa kupanda mto dhidi ya mkondo.

Julai 7, matakwa ya watoto yaliyoandikwa huning'inia kwenye matawi ya mianzi. Kiangazi hichohicho huchezwa Bon Odori: watoto, wazazi na walimu huzunguka jukwaa kwa mwendo mmoja, wakifuata mdundo wa ngoma za taiko.