Walinzi wa Mwili Wakizeeka: Tuchunge Mishipa Midogo ya Kichwani



Mama mmoja alimleta mume wake dispanseri, kapita wa zamani, miaka 62. Akasema: "Mganga, mzee anatembea kama anavuta miguu matopeni. Anasahau. Anakasirika bure. Usiku anakimbilia choo na hafiki." Ukoo ulisema amelogwa. Kazini walisema ni lutuku. Na mimi, nakiri, nilimpa vidonge vya maumivu nikamrudisha bila kumpima tansio. Waliporudi nikampima: 190 kwa 110.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu kwa 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 kwa 100 za oksijeni yote. Hewa hiyo hupita katika mishipa midogo sana, mingine myembamba kuliko unywele. Mmoja ukiziba, kipande kama punje ya mahindi hufa, mara nyingi bila mtu kuanguka wala kuhisi kitu. Vikiwa vingi, mwendo, akili na hata mkojo huharibika. Ndiyo ilivyokuwa kwa kapita wetu.

Mshtakiwa wa kwanza ni tansio. Lakini wataalamu wameona mwenzake: kinga ya mwili iliyozeeka. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ambayo ni shule ya walinzi wa damu. Hunywea tangu ujana, na uzeeni hubaki mafuta zaidi. Walinzi wapya wanakuwa wachache, wale wa zamani wanabaki zamu. Mlinzi mzee ana kasoro moja: adui akiisha kuondoka, yeye bado anamwaga sumu zake za vita. Ni moto mdogo usioleta homa. Unachoma utando wa ndani wa mishipa, utando unavuja, na walinzi wa ubongo wenyewe wanaamka kwa hasira, hawatulii upesi. Kuta zinakuwa nene na ngumu, damu inapita kidogo. Na tansio inapiga kuta hizo hizo, mchana na usiku, na kuwachokoza walinzi zaidi.

Watu wa Kasongo si wageni wa habari hizi. Miaka ya 1970 mradi wa afya wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulichanja watoto wa hapa surua. Matokeo yakachapishwa mwaka 1981. Kuchanja ni kuwafundisha walinzi wangali vijana. Watoto wale sasa wanakaribia miaka 50 au wameipita. Kumbukumbu ya surua hukaa muda mrefu, lakini jeshi lote limezeeka pamoja na mwenyewe.

Dawa ya kurudisha ujana wa kinga haijapatikana. Anayekuuzia sokoni anakula salara yako. Wala usimeze diklofenaki au ibuprofeni kila siku ukidhani utazima moto huo: zinaweza kupandisha tansio na kuharibu figo. (Wachimbaji wenye maumivu ya mgongo, kuanzia Kabambare mpaka Namoya, nawasemea ninyi.)

Tansio ndiyo tunayoiweza. Huko Marekani walilinganisha watu wa miaka 50 na zaidi: wengine namba ya juu ishushwe chini ya 120, wengine chini ya 140. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba kwa wale wa kwanza madoa ya ubongo yaliongezeka kwa kiasi kidogo kuliko kwa wale wa pili. Namba yako wewe, mganga ataipanga. Vidonge vinamezwa kila siku, hata ukijisikia mzima. Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja kidogo cha chai, na makayabu iloweshwe, maji yamwagwe. Tumbako iachwe.

Mdomo ukipinda ghafula, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usingoje asubuhi. Usimpe chakula wala maji. Mpelekeni hospitali.

Kapita wetu sasa ana 138 kwa 84. Bado anatembea polepole, kwa sababu kilichokufa hakirudi, lakini usiku anafika choo. Mke wake anaweka vidonge ndani ya kopo lililokuwa la chumvi.

Wenye miaka 40 na zaidi, waume kwa wake, njoni mpimwe kabla ya zamu. Usivute tumbako nusu saa kabla ya kupimwa, na ukifika ukae kimya dakika 5.