Anayekula Mafuta Si Mashine

Wasemaji wa pwani yetu ya kaskazini wana sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno katika safari zangu za kukusanya lahaja baina ya Amu, Siyu, Pate, Faza na Kizingitini. Nayo ni hii: "Mashine hii yala." Yala nini? Yala petroli. Kisarufi sentensi hiyo haina dosari. Ina kiima chake na kiarifu chake, na hakuna mtoto wa visiwani asiyeielewa. Dosari yake ni ya namna nyingine. Yaitwika mashine lawama isiyo yake, na yamwondoa katika maelezo mtu aliyeushika mpini.

Msomaji asidhani kwamba nimeitupa isimu na kuingilia biashara ya watu. Ilinibidi kulifikiria jambo hili siku moja ya Septemba mwaka 2023, mwezi ambao bei ya petroli iliruka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Mjini Nairobi lita moja ilitangazwa kuwa shilingi 211 na senti 64. Visiwani, ambako petroli huvushwa kutoka bara kwa madumu, kila dumu huongezewa gharama ya kuvushwa kwake. Hapo ndipo nauli ya mwalimu, karo ya mwanafunzi na bei ya unga hukutana katika tangi moja la plastiki jekundu.

Siku hiyo nilikuwa natoka Faza kurudi Amu. Chombo chetu kilikuwa na urefu wa mita 9 hivi majini, na nyuma kimepachikwa mashine ya nguvu za farasi 40. Tulikuwa abiria 16. Ukikadiria kilo 65 kwa kila mtu, hiyo ni zaidi ya tani moja kabla hujahesabu makasha ya samaki na barafu. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa kali, akimpeleka hospitalini. Nahodha, kijana mwenye adabu, alikuwa na haraka ya haki kabisa: maji yalikuwa yameanza kupwa, naye alitaka kuuwahi Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakitoka huwa haba hata vyombo hugota.

Akaifungulia mashine mpaka mwisho. Omo ikainuka, tezi ikadidimia, na nyuma yetu likasimama wimbi refu kama tuta la shamba. Kelele zilikuwa kubwa hata tukaamini kwamba tunaruka. Baada ya saa moja na nusu hivi mashine ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Dumu la akiba nalo lilikuwa tupu. Tukatia nanga, tukangoja kiasi cha saa nzima mpaka wavuvi walipopita na kutugawia lita tano, na tulipoufikia Mkanda mchanga ulikuwa umekwisha kuonekana. Tukalala juu ya fungu kungoja maji yajae. Mtoto yule alifika hospitalini usiku badala ya adhuhuri. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mama yake hakusema neno na mtu yeyote tangu pale hadi tuliposhuka.

"Mashine yala, mwalimu," nahodha aliniambia kwa huzuni.

Nami, ambaye niliingia katika taaluma ya lugha kwa sababu, pamoja na sababu nyingine tukufu zaidi, hesabu zilinikimbia katika kidato cha nne, nilirudi chuoni nikamwendea mwenzangu wa fizikia. Haya ninayoyaeleza niliyapata kwake na katika vitabu alivyonikopesha.

Chombo kinachopasua maji hufanya mawimbi, na urefu wa mawimbi hayo, yaani umbali wa kutoka kilele hadi kilele, huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Ukienda polepole, vilele kadhaa hujipanga ubavuni mwa chombo. Ukizidisha mwendo, wimbi hurefuka mpaka likalingana na urefu wa chombo chenyewe: kilele kimoja omoni, cha pili tezini. Huo ndio mpaka. Ukiuvuka, kilele cha pili hubaki nyuma, tezi hutumbukia katika bonde baina ya vilele viwili, na tangu hapo chombo huwa kinapanda mlima ambao kimeujenga chenyewe, na mlima huo husafiri nacho. Mhandisi wa Kiingereza William Froude, aliyefariki mwaka 1879, aliyachunguza mambo haya kwa kuvuta vielelezo vidogo vya meli katika hodhi lililojengwa huko Torquay na kuanza kazi mwaka 1872. Mpaka huo waweza kukadiriwa na mwanafunzi yeyote. Chukua urefu wa chombo pale maji yanapokigusa, kwa mita. Tafuta kipeuo chake cha pili. Zidisha kwa 4.5. Jawabu ni kilomita kwa saa. Dau la mita 4 hukomea kama kilomita 9 kwa saa, na chombo chetu cha mita 9 kilikuwa na mpaka wa kilomita 13 na nusu.

Chini ya mpaka huo hesabu ni ya kumfurahisha bahili. Ukinzani wa maji hukua takriban kwa kipeo cha pili cha mwendo, na nguvu inayohitajika kwa kipeo cha tatu. Tuseme chombo kama chetu chaenda kilomita 13 kwa saa, kisha nahodha akakirudisha hadi 11. Petroli inayotumika kwa saa hupungua kwa kiasi cha asilimia 40, na inayotumika kwa kila kilomita hupungua kwa zaidi ya robo. Karibu na mpaka nafuu huwa kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa mlima wa maji hukua upesi zaidi ya kanuni yangu. Na hasara ya wakati? Kwa safari ya kilomita 30, ni kama dakika 25. Kwa dakika hizo, nahodha angefika na dumu lake likiwa na kitu.

Juu ya mpaka kuna ulimwengu mwingine. Chombo chepesi chenye kitako bapa na tezi iliyokatwa wima, kikiwa na mashine ya kutosha, hupanda mlima wake, huuvuka, kisha huteleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Ndivyo ziendavyo boti za abiria wachache. Hizi nazo zina busara yake: zikishaanza kuteleza, mpini hurudishwa kidogo, na chombo huendelea kuteleza kwa mafuta machache zaidi. Kwao mwendo mbaya kuliko yote si wa polepole wala wa kasi, ni ule wa katikati, omo i juu na nahodha haoni mbele. Hapo ndipo tulipokuwa sisi siku ile. Uzito wetu haukuturuhusu kuteleza, na mashine ya farasi 40 ikifunguliwa yote, kama ni ya zile za kizamani zinazochanganyiwa oili katika petroli, yaweza kutumia lita 15 hadi 20 kwa saa iwe chombo kinaruka au kinajikokota. Tulikuwa tunalipia mwendo wa boti na kupewa mwendo wa jahazi.

Mashine hizo za kuchanganya zina tabia nyingine inayofaa kutajwa. Katika kuvuta na kutoa pumzi kwake, sehemu ya petroli hupenya na kutoka na moshi pasipo kuungua. Yaweza kufika hata robo. Ule utando wenye rangi za upinde wa mvua uuonao gatini ni fedha ya mtu. Zile za kisasa zisizochanganyiwa oili hupunguza upotevu huo, ila ni nzito na ghali, na fundi wake si kila kijiji anapatikana. Siwezi kumlaumu nahodha anayeshikilia ya zamani ambayo mwanawe aweza kuifungua kwa spana mbili.

Yapo na mambo madogo ambayo jumla yake si ndogo. Rafadha iliyopigwa na matumbawe hata makali yake yakapinda hupoteza nguvu, na mashine iliyopachikwa chini mno huburuta mguu wake majini bure. Kisha kuna mwani na kome wanaoota chini ya chombo. Mabaharia wa majahazi walilijua hili kabla ya petroli kufika pwani: walikipandisha chombo mchangani wakati wa bamvua, wakakikwangua, wakakipaka shahamu na chokaa. Leo naona vyombo vya mashine vyenye rangi za kumeremeta juu, na chini vina ndevu. Upepo ulikuwa wa bure, lakini wazee wetu walikuwa mabahili wa upepo. Sisi twanunua upepo wetu kwa lita, nasi tumekuwa wabadhirifu. Lugha yenyewe yashuhudia: baharia wa tanga ana joshi na demani, kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Kuhusu mpini wa mashine nimekusanya maneno mawili tu, kufungua na kufunga.

Au ndivyo nilivyodhani mpaka niliporudi Faza wiki tatu baadaye, katika chombo cha mzee mmoja kilicho sawa na kile cha kwanza kwa urefu na kwa mashine. Kwanza, alikataa kung'oa nanga wakati abiria walipotaka. Alingoja maji. Ukienda kilomita 11 kwa saa dhidi ya mkondo wa kilomita 4, wapata 7. Ukienda nao, wapata 15, na mashine haijui tofauti, yatumia petroli ile ile. Mzee hakuipiga hesabu hiyo kwa kalamu. Pili, alituhamisha. Wawili waliokaa tezini aliwapeleka mbele mpaka chombo kikalala sawa. Tatu, na hili ndilo lililonishangaza, safari nzima alikuwa akigeuka na kutazama nyuma.

Nikamuuliza anamtazama nani.

"Natizama wimbi, mwanangu," alisema. "Likinikimbia nyuma, nalifuata kwa mkono."

Alimaanisha kwamba kilele kile cha pili kikianza kuachana na tezi, huurudisha mpini mpaka kikamrudia. Hodhi la Froude lilikuwa kichwani mwake. Alikuwa hata na jina la mwendo huo, akiuita "mwendo wa wimbi", na nimeliandika katika daftari langu chini ya yale maneno mawili. Tulifika na dumu la akiba halijaguswa. Ana na sharti jingine, kwamba petroli aliyonayo huigawa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la mgonjwa. Hilo la tatu haliuzi wala haliazimi, na nilipomsikia akilitaja nilimkumbuka yule mama.

Sisemi kwamba polepole ndiyo dawa ya kila kitu. Mgonjwa aliye mahututi akiwekwa katika chombo chepesi chenye watu wawili, kifunguliwe kiteleze, na petroli iende zake. Ubishi wangu ni na kasi isiyokuwapo, ile ya kelele na povu, ambayo abiria wenyewe huidai. Mara ngapi nimewasikia, walimu wakiwamo, wakimwita nahodha mwoga kwa kuwa mashine yake hainguruma?

Walimu wa fizikia wa visiwani wana maabara ambayo shule nyingi za bara haziwezi kuinunua. Jazeni tangi hadi alama. Endeni umbali unaojulikana, mkipima mwendo kwa simu yenye ramani, kisha rudini njia hiyo hiyo ili mkondo usiwadanganye. Jazeni tena kwa chupa yenye vipimo na muandike. Fanyeni hivyo kwa mwendo wa kilomita 8, 11, 13 na 16 kwa saa, mkiwa na mzigo ule ule, na mchore grafu. Wanafunzi wataona mstari unavyoinama polepole, kisha ghafla unavyosimama wima karibu na mpaka.

Mwalimu mmoja wa Faza amekwisha kuniambia kwamba atalijaribu na kidato chake cha tatu muhula ujao, siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo. Chombo kimepatikana. Ni cha yule nahodha kijana wa safari ya kwanza. Amekubali kitumiwe kwa sharti kwamba petroli inunuliwe na shule na mpini aushike yeye mwenyewe.