Wakili wa tume ya uchunguzi hulipwaje, na nani humlipa?

Tume ya uchunguzi inapoundwa, wananchi huuliza maswali mawili: je, ukweli utajulikana? Na itagharimu pesa ngapi? Sehemu kubwa ya jibu la swali la pili imo katika ada za mawakili.

Nani humlipa nani?

Chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi (Sura ya 102), Rais ndiye huteua tume. Mbele yake hufika mawakili wa aina mbili. Wa kwanza ni mawakili wanaoisaidia tume kukusanya ushahidi na kuwahoji mashahidi. Hawa hulipwa kwa pesa za umma.

Wa pili ni mawakili wa watu wanaohusishwa na jambo linalochunguzwa. Sheria inawapa watu hao haki ya kuwakilishwa na wakili, lakini haki hiyo haimaanishi kwamba serikali itamlipa wakili huyo. Kwa kawaida, anayemwajiri ndiye humlipa.

Kwa nini ada hizi ni ngumu kupanga?

Katika kesi ya kawaida, Agizo la Malipo ya Mawakili, linalotolewa na Jaji Mkuu chini ya Sheria ya Mawakili, huweka viwango. Mara nyingi hesabu hutegemea thamani ya mali au deni linalozozaniwa. Tume haina mali inayogombaniwa, wala haina mshindi na mshinde. Kazi hupimwa kwa muda, na muda wenyewe huongezeka. Tume ya Goldenberg iliundwa Februari 2003 na kukabidhi ripoti yake Februari 2006.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wakili akikubaliana kulipwa Sh50,000 kwa siku na vikao vimepangiwa siku 40, bili ni Sh2 milioni. Vikifika siku 120, bili inakuwa Sh6 milioni, ingawa kiwango cha siku hakijaongezwa hata shilingi moja.

Uingereza ilijionea hayo. Uchunguzi kuhusu mauaji ya waandamanaji mjini Londonderry mwaka 1972 ulianzishwa 1998, na ripoti ikatolewa 2010. Uligharimu zaidi ya pauni milioni 190, na takriban nusu ya pesa hizo zilienda kwa masuala ya kisheria. Sheria ya Uchunguzi ya 2005 ya nchi hiyo sasa inamtaka mwenyekiti aepuke gharama zisizo za lazima.

Makubaliano yawe ya namna gani?

Yanafaa kufanywa kabla ya kazi kuanza. Sheria ya Mawakili inaruhusu wakili na mteja kukubaliana ada, mradi makubaliano yawe ya maandishi na mteja ayatie sahihi. Mahakama inaweza kuyabatilisha ikiwa ada imepita kiasi. Pasipo makubaliano, bili inayozozaniwa hupelekwa kwa afisa wa kutathmini gharama katika Mahakama Kuu, ambaye huikagua kipengee baada ya kipengee. Asiyeridhika ana siku 14 za kupinga.

Kwa kazi ya tume, ni vyema mkataba utaje kiwango cha kila siku au cha kila hatua, kikomo cha jumla, idadi ya mawakili watakaofika, na nani ataidhinisha nyongeza vikao vikirefushwa.

Kaunti ikiitwa mbele ya tume je?

Mwanasheria wa Kaunti ndiye mshauri mkuu wa kisheria wa serikali ya kaunti. Wakili wa nje akihitajika, kumwajiri ni ununuzi wa huduma kama mwingine. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi uwe wa haki, wazi, wenye ushindani na usio wa gharama kubwa kupita kiasi.

Ada ikiwa ndogo mno, huenda mawakili wenye uzoefu wakakosekana na ushahidi usichambuliwe ipasavyo. Ikiachwa bila kikomo, pesa za dawa na barabara huishia kwenye bili ya wakili.

Mwananchi anaweza kuuliza

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi husika inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Swali linalofaa kuulizwa mapema ni hili: wakili ameajiriwa kwa kiwango gani, na kikomo chake ni kipi?